Koti la Baba Mdogo Laenda Bariadi Kutafuta Kazi

Niliondoka nyumbani Nassa kwa sababu ya ujumbe wa simu. Kampuni moja ya kununua pamba ilikuwa inaniita kwenye usaili Bariadi, Ijumaa saa tatu asubuhi, kwa nafasi moja tu ya karani wa ghala. Niliusoma ujumbe ule mara nyingi kiasi kwamba mama aliniuliza kama kuna msiba. Tangu nihitimu chuo, mama amekuwa akinitambulisha kwa wageni kwa maneno mawili: "Huyu anasubiri." Baba mdogo, mfanyabiashara wa dagaa, alikuwa amechoka na kusubiri kwangu.

"Nenda," alisema. "Ukipata, vizuri. Ukikosa, Jumatatu utaanza kuanika dagaa na mimi."

Sina ugomvi na dagaa. Ila nilijua nikianza kuwaanika hata siku moja, hakuna mtu atakayeniuliza tena habari za kazi nyingine.

Alhamisi asubuhi baba mdogo alinikabidhi koti lake jeusi. Kwa jina ni lake, lakini ni koti la ukoo mzima. Limeoa mara nne, limehudhuria misiba isiyohesabika, na liliwahi kwenda mahakamani kwa kesi ya ng'ombe likashinda. Huwa linatundikwa stoo, juu ya magunia ya dagaa. Nililinusa, nikashukuru. Mtu hakosoi koti lenye historia kama hiyo.

Lamadi nilipanda basi la Bariadi, koti nimelikunja magotini. Mama mmoja aliyekaa kiti cha pembeni alinigeukia.

"Mdogo wangu, unauza jumla au rejareja?"

"Siuzi kitu, mama. Naenda kwenye usaili."

"Sawa, nimekuelewa. Lakini dagaa wenyewe wako wapi?"

Kuanzia pale mpaka Dutwa nilikuwa nawaza kama wasaili nao watauliza hivyo, na kama watauliza, nijibu kwa Kiswahili au kwa Kiingereza. Majibu mengine nilikuwa nayo tayari. Wakiuliza udhaifu wangu, ningesema nafanya kazi kupita kiasi mpaka nasahau kula. Jibu hilo nililipata mtandaoni, na lilisifiwa sana. Huko huko mtandaoni nilisoma jambo lililoninyima raha: usaili huanzia getini. Eti makampuni huweka watu wao nje, wakijifanya walinzi au wafagizi, kukutazama unavyoishi na wenzako.

Somanda nilifikia kwa shangazi. Paka wake alilipokea koti kabla yangu. Umeme ulikuwa umekatika, kwa hiyo niliwasha pasi ya mkaa ninyooshe shati. Nilikuwa katikati ya mgongo wa shati shangazi alipoingia kutoka sokoni.

"Mwadila, baba!"

Kwetu huwezi kuitikia salamu ya shangazi huku umempa mgongo. Niligeuka, nikainama kidogo, nikaitikia. Akauliza habari za mama. Akauliza za baba mdogo, za mvua, za mbuzi, za yule ng'ombe mwenye pembe moja. Tulipofika kwa ng'ombe nilisikia harufu, na safari hii haikuwa ya koti. Mgongoni mwa shati langu la pekee la usaili palikuwa na alama ya pasi, kahawia, kamili kuanzia ncha mpaka kitako.

"Si una koti?" shangazi akasema. "Usilivue tu."

Ijumaa nilifika kwenye ofisi ya kampuni mapema mno, nikakuta wasailiwa wengine wameketi kwenye benchi la barazani. Aliyekuwa karibu nami alikuwa kijana mchangamfu kutoka Migato, jina lake Masanja, amevaa shati la mikono mifupi. Jua lilikuwa limeanza kuuma. Nilikuwa nimefunga vifungo vyote vya koti.

Mlango wa ofisi ulifunguliwa, akatoka jamaa mmoja mwenye fulana, amekunja uso. Alikuwa ameingia muda si mrefu. Mlinzi wa mlangoni alimsindikiza kwa macho, kisha akatugeukia.

"Mmeona? Kaingia bila koti, kafukuzwa."

Benchi zima likaniangalia mimi. Nilikuwa peke yangu mwenye koti.

"Kaka," Masanja akasema, "mimi ndiye ninayefuata. Niazime niingie nalo, natoka sasa hivi."

Nilifikiria haraka, yaani kwa kadiri yangu mimi. Nikikataa, nitaonekana mchoyo. Tena mlinzi alikuwa anatutazama kwa makini kupita mlinzi wa kawaida. Je, kama ni mmoja wao? Je, kama huu ndio usaili wenyewe? Nilivua koti, nikaegemeza mgongo ukutani, nikabaki nimeganda hapo.

Masanja alitoka anacheka. Kabla sijanyoosha mkono, koti lilikuwa tayari kwa dada mmoja mwalimu aitwaye Milembe, ambaye mikono ya koti ilimfunika mpaka kucha. Baada yake likaingia na mwingine, na mwingine. Hakuna aliyeniomba tena. Koti lilishakuwa la benchi, kama lilivyo la ukoo nyumbani. Mimi niliendelea kushikilia ukuta.

Nilikuwa wa mwisho. Nilivaa koti likiwa na joto la watu wote wale, nikaingia. Nyuma ya meza waliketi watatu: mzee mwenye miwani minene, ambaye ndiye mwenyekiti, mama wa rasilimali watu, na kijana mwenye kompyuta. Feni ilikuwa imesimama. Mzee alinusa hewa.

"Wewe si umeshaingia?"

"Hapana, mzee."

"Koti hili limeshajibu maswali yetu yote. Limesema linafanya kazi kupita kiasi mpaka linasahau kula."

"Limesema hivyo zaidi ya mara moja," mama akaongeza.

Kijana wa kompyuta alijaribu kunitetea. "Mzee, sura ni tofauti."

"Mimi macho yangu ni mabovu. Pua yangu ni nzima. Kijana, vua koti tukuone wewe mwenyewe."

Nililivua polepole, uso ukiwaelekea, nikalitundika kwenye kiti na kukaa.

"Haya," mama akasema. "Udhaifu wako ni nini? Na usituambie habari za kula."

Majibu yangu yote yalishatumika.

"Nafikiri sana, mama. Kupita mahitaji."

"Toa mfano."

Nikawapa. Niliwaeleza koti, benchi, jamaa aliyefukuzwa kwa kukosa koti, na jinsi nilivyomtambua mlinzi kuwa ni mmoja wao. Mama alifunika uso kwa karatasi. Mzee alivua miwani akapangusa machozi, kisha akapaza sauti.

"Bebe, wewe mlinzi! Njoo!"

Mlinzi akaingia.

"Huyu anasema wewe ni mkubwa humu ndani. Tumpe kazi au tusimpe?"

Mlinzi alinitazama kwa huruma. "Mimi nililetwa juzi tu, mzee."

"Na yule mwenye fulana uliyesema tumemfukuza?"

"Si alitoka amenuna?"

"Ni fundi feni," kijana wa kompyuta akasema. "Kaja kutengeneza, kakuta umeme hakuna."

Waliniambia watanipigia simu. Nilichukua koti, na kwa kuwa sikutaka kulivaa mbele yao kama mtu anayeficha kitu, nilitoka kinyumenyume nikiinamisha kichwa. Nilidhani inaonekana kama heshima. Mlinzi, aliyekuwa nyuma yangu, akasema kwa sauti ya kusikika mpaka barazani, "Pole, ndugu yangu. Hapa pasi ilikuweza."

Jumamosi, nikiwa kwenye basi la kurudi, simu iliita tukikaribia Dutwa. Namba ngeni. Niliitazama nikipanga sauti ya kupokelea mpaka ikakatika. Ikaita tena.

"Kaka wa koti? Masanja hapa. Namba nimeipata kwa Milembe, uliyempa pale benchini. Wamenichukua!"

"Hongera. Uliwajibu nini kwenye udhaifu?"

"Niliwaambia sipendi kuamka mapema. Wakasema ghala linafunguliwa saa mbili. Sasa kaka, naripoti Jumatatu, na mle ndani wamenizoea na lile koti..."

Dirishani mashamba ya pamba yalikuwa yanapita. Ilikuwepo nafasi ya kufikiri, njia nzima mpaka Lamadi. Lakini nilijikuta nasema, "Nalikabidhi kwa kondakta Lamadi. Kesho likungoje stendi ya Bariadi. Ila lirudi kabla ya harusi nyingine ya ukoo."

Nyumbani, baba mdogo aliniona naingia mikono mitupu.

"Koti liko wapi?"

"Limepata kazi Bariadi. Linaanza Jumatatu."

"Na wewe?"

"Mimi nimekosa. Na mimi naanza Jumatatu."

Jumatatu asubuhi nilikuwa ufukweni, nawatandaza dagaa kwenye nyavu. Baba mdogo alinipita na ndoo, akasimama nyuma yangu, akaiangalia ile alama ya pasi kwa muda mrefu.

"Hilo shati," akasema, "usilitupe. La kazi hii linafaa."

Nilijifunza mambo mawili safari ile. Pasi huinuliwa kabla ya kumwitikia shangazi. Na watu wa usaili, kwa kadiri nilivyowaona, hawafichi mtu getini. Dagaa wale walikauka vizuri. Jioni simu iliita tena, namba ngeni, nikaipokea kabla haijaita mara ya pili, bila kupanga sauti, mikono yote ikinuka.