Namba ya Mgongoni

Kila kifaa cha kupimia umeme kinachofika karakana yetu hapa katika mji wa bandari wa Esbjerg, mama mmoja, fundi wetu mkongwe, hukigeuza kifudifudi kwanza, kama mkunga ageuzavyo mtoto. Hupitisha kidole gumba juu ya namba ya mgongoni, akiisoma kwa sauti ya chini, kisha hukiwasha na kusoma namba inayotokea kwenye kioo. Bosi apige kelele, kahawa ipoe, haruki hatua hiyo. Alhamisi alikuja Troels, fundi wa mitambo ya upepo baharini, kuleta kitengenezwe kile kibovu kati ya vifaa viwili vya kikosi chake.

“Mama, unasoma namba kama unasalimia wajukuu!”

“Wajukuu hawabadilishani migongo,” alimjibu, akakiwasha. Kidole kilisimama. “Vile vifaa vyenu viwili mlivifungua?”

“Tulivikausha maji ya chumvi, tukavifunga tena. Kwani vipi?”

“Mmechanganya vifuniko. Nina namba zenu daftarini: mgongoni kuna namba ya kibovu, ndani kuna namba ya kizima. Umeniletea kizima, mwanangu. Kibovu kiko wapi?”

Troels aliacha kutabasamu. Kibovu kilikuwa kile kinachoonyesha sifuri hata waya ukiwa na umeme.

“Mwenzangu Jeppe amekwenda nacho kazini.”

Yule mama hakumkaripia. Alimsogezea simu ya mezani na kumshika bega mpaka ilipopokelewa.

“Jeppe, toa mikono hapo!” Troels alipiga kelele. “Usiguse waya! Ndiyo, najua kinasema sifuri!”