Ukuta wa Nyuma

Winfrida alipoiona fremu ya duka ya Mzee Eustace pale Bigwa, ilikuwa kuta nne za bloku na bati juu, basi. Chini palikuwa udongo mtupu, na mbuzi wa jirani walikuwa wameshajichagulia kona. Mzee Eustace, mwalimu mstaafu, alikuwa amekimwaga kiinua mgongo chake chote mle, na pesa ilimkatikia kabla ya lipu. Ndivyo fremu nyingi za mji huu zinavyopata wapangaji: mwenye jengo anaishia kwenye bati, mpangaji anamalizia, na kodi inakatwa kidogo kidogo mpaka gharama zake zirudi.

"Sasa tugawane vipi, mwanangu?" mzee aliuliza.

Winfrida hakufikiri hata kidogo. Kwa miaka alikuwa ameoka skonzi kwenye jiko la mkaa uani na kuzitembeza kwenye beseni, na sasa bekari yake alikuwa akiiona mbele ya macho. "Nje kwako, ndani kwangu," alisema. Wakacheka, wakapeana mikono. Mzee aliusifia mkataba ule kwa ufupi wake, masikini, kama alivyokuwa akiwasifia wanafunzi wake.

Ndani akapang'arisha. Akamwaga sakafu, akapiga lipu, akavuta umeme, akaweka dari na geti la chuma. Tanuri la matofali ya kuchoma akalijenga likaegemea ukuta wa nyuma, na ukuta ukatobolewa kupitisha bomba la moshi. Fedha za kikoba, na zile alizopata alipomwachia kaka yake Yakobo shamba la marehemu mama yao kule Mgeta, zote ziliishia mle. Skonzi zake zikawa na jina, watu wakawa wanasimamisha bodaboda ili wazinunue. Kwa mwaka mzima Winfrida alikuwa mtu mwenye furaha, na tusimnyime huo mwaka, maana hakupata mwingine.

Masika yaliyofuata, maji ya mlimani yakaanza kuteremkia nyuma ya jengo. Ukuta ukalowa, lipu ikavimba, ufa ukajitokeza juu ya tanuri. Winfrida akajifunga kanga nzuri, akaenda kwa mzee.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba, mwanangu. Habari za mikate?"

"Mikate mizima, ukuta ndio mgonjwa. Panatakiwa mtaro kule nyuma wa kuyakinga maji. Na nje ni kwako, mwalimu."

Mzee alikitazama kikombe chake cha chai. "Ukuta ulikuwa mzima mpaka ulipoutoboa. Bomba linatoka ndani. Ndani ni kwako."

Hapo ndipo walipokwama, na hakuna aliyesema uongo. Mzee hakuwa mchoyo. Kodi ilikuwa bado inakatwa, pensheni inaishia kwenye dawa za presha, hana kitu. Lakini kutamka "sina" mbele ya mpangaji kulimshinda, akaona afadhali abishane.

Kinachouma ni hiki: Winfrida ni mtoto wa Mgeta. Tangu akiwa binti mdogo aliamshwa na mama yake kwenda kuchimba makinga maji juu ya shamba la kabichi kabla mvua hazijafika, maana kule asiyekinga maji shamba lake huliokota bondeni. Jembe lilikuwa limesimama nyuma ya mlango wa bekari. Mtaro ule ungemchukua asubuhi moja. Pa kuanzia alipajua, pa kuyamwagia maji alipajua. Na hakuchimba! Angechimba, angekuwa amekubali kwamba na nje pia ni kwake, na kesho angeambiwa apake bati rangi. Kila siku alipita, akayatazama maji, akasonya, akaingia kukanda unga. Kiburi? Ndiyo, kiburi. Lakini pia alikuwa amechoka kumalizia vya watu.

Jumapili moja mvua ilipiga akiwa kanisani, padri akahubiri bila kusikika. Aliporudi alikuta geti limefungwa vizuri, kufuli mahali pake. Alipofungua, aliona mwanga pasipotakiwa kuwa na mwanga. Ukuta wa nyuma ulikuwa umelala ndani, juu ya tanuri. Tanuri lenyewe halikuonekana. Tope lilikuwa limepanda mpaka kwenye magunia ya ngano.

Aliketi kizingitini. Hata kulia hakuweza. Harufu ya tope ilikuwa ileile ya shamba la mama yake.

Mzee Eustace akaja na mwavuli, akasimama kando yake, akatazama. Winfrida alingoja neno moja tu, pole, na kama angelipata labda angemshika mkono wakalia pamoja.

"Kifusi kimeangukia ndani," mzee alisema kwa sauti ya chini, bila kumtazama. "Kukitoa... itakuwa ni kwako, mwanangu."

Winfrida alisubiri hasira impande. Haikuja. Maneno yalikuwa ya kwake mwenyewe. Akavua viatu vya kanisani, akalitoa jembe nyuma ya mlango, kavu, halina hata udongo, akaanza kulikokota tope la mlimani kulitoa nje, kwa mzee.