Keki ya Ghorofa Tatu

Baba yangu alikuwa mwalimu wa shule ya msingi hapa Tunduma, na somo alilolipenda kuliko yote lilikuwa Siasa. Aliwafundisha watoto wa watu kwamba anasa ni adui wa taifa changa. Mama yangu naye alipamba keki. Waliishi kwa amani miaka mingi, kwa sababu baba hakuwahi kuitia keki kwenye orodha yake. Ubaoni aliandika wigi, rangi ya mdomo, suruali za bugaluu na magari ya kifahari, kisha akaweka nukta.

Mama alijifunza kazi hiyo akiwa msichana, Mbozi Mission, kwenye darasa la ufundi wa nyumbani. Mwalimu wao alikuwa mama wa Kizungu wa makamo aliyewafundisha kushona, kulea mtoto mchanga na kutengeneza waridi la sukari. Kushona wengi walikuwa wanajua. Kulea mtoto walimzidi, maana wao walikuwa wamebeba wadogo zao mgongoni tangu wakiwa na miaka sita, na yeye hakuwahi kuzaa. Kwa hiyo walichotoka nacho kweli kwenye darasa lile ni waridi.

Bomba la kupambia mama hakuwa nalo. Mjomba wetu aliwahi kuanguka kutoka juu ya paa akavunjika ubavu, akarudi kutoka hospitali na picha ya eksirei ndani ya bahasha kubwa. Mama aliiomba ile picha, akaiosha kwa maji ya moto na sabuni, akaikunja kama karatasi ya karanga za kukaanga, akaikata ncha. Tangu siku hiyo kila waridi lililotoka nyumbani kwetu lilipitia kifuani mwa mjomba. Rangi ya waridi ilitoka kwenye bitiruti. Rangi ya majani yake ilitoka kwenye majani ya maboga yaliyotwangwa, na ukiyatafuna ulisikia mboga kwa mbali. Hakuna aliyelalamika. Mtu anayekula waridi haulizi sana.

Miaka ile ya mwanzo wa themanini sukari ilipotea. Haikupungua, ilipotea, kama mtu anayeondoka bila kuaga. Duka la ushirika lilikuwa na rafu safi kabisa na muuzaji mwenye adabu sana, kwa kuwa hakuwa na kazi nyingine. Ukiwa na msiba au harusi ulikwenda kwa balozi wa nyumba kumi, akakuandikia barua, ukaipeleka ofisini, ukapewa kibali cha kilo mbili tatu. Nyumbani tulikunywa chai ya chumvi. Baba alisema inatia nguvu. Alisema hivyo huku amefumba macho.

Dawa yetu ilikuwa matembezi ya mwisho wa juma. Nimesoma kwamba watu wa miji ya pwani walikwenda ufukweni. Sisi tulivuka barabara. Mama yetu mdogo alikuwa ameolewa Nakonde, upande wa Zambia, mwendo wa dakika ishirini kwa mguu, na mama alitufungashia nguo za kulalia kana kwamba tunakwenda Ulaya. Kule tuliamkiwa kwa Mulishani, tukajibu kwa majivuno. Vitumbua waliviita fitumbuwa, na vilikuwa vya ngano, vimeumuka, vina sukari hadi kiini. Baba alikuja nasi kila Jumamosi, kuwasalimu mashemeji. Sijawahi kumwona mtu anayewapenda mashemeji kiasi kile. Aliwasalimu hadi kitumbua cha saba.

Sasa, rafiki mmoja wa mama, aliyesoma naye lile darasa la waridi, alikuwa anamwoza binti yake Mbozi Mission. Alifika kwetu asubuhi moja, akaketi, akasema hata kabla ya kunywa maji:

"Dada, nataka ghorofa tatu. Mwezi uliopita Vwawa waliweka mbili. Sitaki nichekwe."

"Kibali umepata kilo ngapi?" mama akamuuliza.

"Tatu. Lakini mbili ni za chai ya wageni."

Mama aliangalia dari. Kisha akasema, "Ghorofa moja nitakuokea. Mbili nitakujengea."

Walielewana bila maneno zaidi. Wakati ule wanawake walikuwa wanaelewana haraka.

Ile ya kuokwa tuliioka Nakonde, kwa mama mdogo, kwa sukari yake na unga wake, ndani ya sufuria yenye makaa chini na makaa juu ya mfuniko. Mama alikuwa amepiga hesabu ya kisheria kumzidi baba. Kuvusha sukari ilikuwa magendo, na watu walikuwa wanafungwa. Lakini keki?

Jumapili jioni, mpakani, mgambo akatusimamisha. Mama alikuwa na beseni kichwani.

"Umebeba nini, mama?"

"Keki, ndugu."

"Ndani ya keki kuna nini?"

"Keki."

Akafunua kitambaa, akainusa, akameza mate. "Ina sukari?"

"Ndugu yangu, isiyokuwa na sukari ni mkate."

Mgambo akamwita mwenzake. Wakatoa karatasi yao, wakaisoma kwa sauti: sukari, sabuni, mafuta ya kula, vitenge, betri. Wakaisoma tena kutoka chini kwenda juu. Keki haikuwemo. Baba, aliyekuwa amesimama hatua kumi nyuma kama mtu asiyetujua, alisogea akawaambia kwamba karatasi ya serikali lazima iheshimiwe kama ilivyoandikwa. Wakakubaliana naye. Tukawaachia fitumbuwa viwili, tukaingia nchini.

Juma lile nyumba yetu iligeuka kiwanda. Kilo moja ya kibali niliitwanga mimi kwenye kinu, mama akaichekecha kwa kipande cha chandarua hadi ikawa laini kama poda ya mtoto. Ute wa mayai ulipigwa kwa uma mpaka mkono ukafa ganzi. Kisha akatoa vifaa vya ujenzi. Ghorofa ya chini ilikuwa sufuria yetu kubwa ya ugali, imepinduliwa. Ya kati ilikuwa kopo kubwa la maziwa ya unga. Juu yake ndipo ilipokaa keki ya kweli, ndogo na nyenyekevu. Mama akavipaka vyote weupe mmoja, akazungusha mawaridi kutoka chini mpaka juu, na mimi niliyeshuhudia yote kwa macho yangu nikaanza kuitamani ile sufuria. Siku tatu tulipikia ugali kwenye sufuria ya mboga, tukala kwa zamu.

Jumamosi jirani yetu, mfanyabiashara Mwislamu aliyetoka Tanga na lori lake, alijitolea kutupeleka. Aliposaidia kuinua keki alimtazama mama.

"Mbona nyepesi hivi, dada?"

"Ina mayai mengi."

"Maashallah," akasema, na akaendesha mpaka Mbozi taratibu kama amebeba mgonjwa.

Mimi nilikaa nyuma kuilinda. Hapa lazima nikiri. Barabara ilikuwa ndefu na waridi lilikuwa karibu na pua yangu. Nilikula moja, upande wa nyuma, chini kabisa. Kisha nikala la pembeni yake, ili nafasi isionekane ya ajabu. Sufuria ikachungulia, inang'aa. Mama alipofunua pale ukumbini hakunipiga. Aliizungusha keki, upande ule ukatazama ukuta, akaniambia kwa upole, "Utakaa mbele yangu mpaka watu waondoke." Nilitamani angenipiga.

Mgeni rasmi alikuwa kiongozi wa chama kutoka wilayani, mtu mnene, mchangamfu, aliyeweza kuhutubia kwa kisingizio chochote. Alizungumzia ndoa, akaingia kwenye kilimo cha kahawa, akapitia ukombozi wa Kusini mwa Afrika, akarudi kwenye ndoa tukiwa tumeanza kusinzia. Halafu akaombwa awakabidhi maharusi kisu. Akakishika, akaitazama keki, nasi tukaona wazo likimjia usoni.

"Ndugu wananchi! Kila harusi ninayokwenda naona keki inakatwa juu. Juu, juu, daima juu! Wa chini wanabeba mzigo, wanatazama tu. Huo si ubepari?"

"Ndiyo!" ukumbi ukajibu.

"Basi leo, hapa, tunaanza na tabaka la chini!"

Makofi. Aliyepiga wa kwanza alikuwa baba yangu, kwa mazoea. Kisha nikaona mikono yake imesimama hewani, haijakutana.

Mama wa bibi harusi alishika meza. Mgeni rasmi akainama, akatia kisu kwenye ghorofa ya chini kwa nguvu ya mtu anayefungua mradi.

Ngwaa.

Ilikuwa sauti ya sufuria. Hapakuwa na mwanamke ukumbini asiyeijua. Mgeni rasmi akajaribu tena, polepole, pembeni kidogo. Ngwa. Akainua macho, akakigeuza kisu kuangalia ncha yake.

Mama akasimama. Alikuwa na gauni lake la kitenge na unga kidogo kwenye kiwiko. Akasema kwa sauti ya wazi, kama anayemsahihisha mtoto:

"Samahani, ndugu mgeni rasmi. Huo ni msingi. Msingi hauliwi."

Nilisikia kuku nje. Mtu mwingine angeaibika, lakini yule hakuwa amefika wilayani kwa bahati. Akanyoosha mgongo, kisu juu.

"Mmemsikia mama huyu? Msingi hauliwi! Wangapi wamekula msingi wa taifa hili? Walanguzi! Wahujumu! Mama ametufundisha leo kwa vitendo!"

Ukumbi ulilipuka. Wanawake walipiga vigelegele na kucheka mpaka wakajifuta machozi, na sidhani walikuwa wanacheka hotuba. Maharusi wakakata ghorofa ya juu. Iligawanywa kwa wageni wote, vipande kama sabuni ya kuogea inayokaribia kwisha, na kila mtu akasema hajawahi kuonja keki tamu kama ile. Inawezekana kabisa. Wengi walikuwa hawajawahi kuonja keki.

Jumanne alasiri gari la ofisi likasimama mbele ya nyumba yetu. Baba alilitambua tangu kona. Aliingia chumbani, akatoka amevaa shati lake la kijani la chama, ana kitabu cha Siasa mkononi.

"Nilikwambia," akamnong'oneza mama.

"Uliniambia lini, Mwalimu? Si ulikuwa unatafuna?"

Mgeni rasmi akaingia, akaketi, akakubali chai. Alipoionja akaitua taratibu. Akamwuliza mama sukari ya ile keki ilitoka wapi. Mama akaenda kabatini, akaleta kile kibali alichoachiwa na rafiki yake, chenye mhuri wa ofisi ya mgeni mwenyewe. Akakisoma, akakikunja, akamrudishia.

"Sikuja kwa hilo, mama. Mwanangu anabarikiwa kanisani mwezi ujao, nyumbani kwetu Ikinga. Mke wangu alikuwepo Jumamosi. Anataka ghorofa tatu." Akakohoa. "Ila zote ziwe za kuliwa."

"Za kuliwa zote, ndugu, zinahitaji sukari."

"Sukari si tatizo," akasema mtu yule aliyekuwa amelaani walanguzi siku tatu tu nyuma.

Gunia lililetwa kesho yake. Lilikuwa na maandishi ya kiwanda cha upande wa pili wa mpaka. Baba aliyasoma, akaihamishia sukari kwenye pipa, akaligeuza gunia nje ndani, akalikunja. Baadaye nilimkuta mezani akisahihisha madaftari ya darasa la saba, swali la faida za kujitegemea. Pembeni palikuwa na kikombe cha chai. Alikuwa anakikoroga muda mrefu kuliko chai inavyohitaji.

Tulikwenda Ikinga familia nzima, kwa gari la ofisi. Ilikuwa safari yetu ya kwanza ya mapumziko yenye milima na baridi na petroli ya umma. Mama alikuwa ameoka ghorofa tatu za kweli, nzito, zenye siagi ya kopo na mayai sitini, na alizipanga moja juu ya nyingine kama alivyofundishwa zamani, ila mwalimu wake alifundisha waridi, hakufundisha uzito. Kwenye kona ya kwanza keki ilitoa pumzi. Kwenye kona ya nne ghorofa ya juu ilizama ndani ya ile ya kati. Mama aliizuia kwa mikono miwili, kisha kwa kifua, akilia bila sauti. Tulipofika ilikuwa kitu kimoja kipana chenye mawaridi yanayotazama kila upande.

Mgeni rasmi, ambaye nyumbani kwake alikuwa baba wa watu tu, aliizunguka mara moja. Mama alisimama kando, gauni limejaa sukari, anangoja.

"Mama," akasema, "hii ndiyo ya usawa kweli," na akacheka mpaka tumbo likatikisika. Mke wake hakucheka, lakini alileta vijiko.

Ililiwa kwa vijiko, kwa viganja, kwa vifuniko vya sufuria. Watoto wa kijiji kizima walikula. Mimi nilikula mpaka nikatapika nyuma ya banda la mbuzi, nikanawa, nikarudi kwenye mstari. Bibi mmoja asiye na meno alimshika mama mkono akamwambia jambo refu kwa Kindali, na mama, Mnamwanga asiyejua Kindali, akaitikia kila neno. Kila mtu alimsifu. Yeye hakuonja hata kidogo.

Wakati wa kurudi baba alijaribu kumtuliza. "Watu wameshiba. Si ndiyo kazi ya chakula?"

"Chakula, ndiyo," mama akasema. "Mimi nilipeleka keki."

Jumatatu asubuhi nilimwona akienda kwa seremala na kipimo cha kushonea shingoni, kumwuliza kama anaweza kumchongea vijiti vidogo vya mninga, vinene kama kidole, visivyo na harufu, vya kusimama ndani ya keki kama nguzo za ghorofa.