Vijiti Vitatu vya Mnyaa

Nikiri mapema, kabla hujaanza kunipenda: mimi ndiye niliyechomeka mnyaa kwenye moto wa bibi. Nilikuwa na miaka tisa, akili ya kuku wa kisasa, na nilidhani nafanya utani.

Nisingekwambia, ila wiki iliyopita tulivuka kwa kivuko cha Kamanga kwenda kumzika, na uani kwake nikakuta vijana wamekoka moto wa masufuria ya msiba kwa mkaratusi. Mkaratusi! Wali wote ulinuka dawa ya kikohozi. Hapo ndipo nilipoamini kwamba bibi amekufa kweli, maana angekuwa na pumzi hata moja angenyanyuka akawachapa.

Kwa kuni, bibi alikuwa mchaguzi kuliko wewe na nyama. Kipenzi chake kilikuwa mgunga: moshi kidogo, kaa linalala chini ya majivu mpaka asubuhi, na michembe inaiva taratibu huku jiko zima likinukia utamu wa viazi. Mkwaju ulikuwa wa siku za wageni wengi, kwa sababu moto wake una hasira na ugali hauchelewi. Mwembe aliuita mvivu. Mwarobaini hakutaka hata kuuona karibu na samaki. “Kuni ni kama wakwe,” alikuwa akisema. “Wapo wa kukaa nao, na wapo wa kuwasalimia mlangoni.”

Sisi wajukuu tulikuwa na mchezo wetu. Tunamfunga kitenge machoni, anakaa kwenye kigoda, tunatia kijiti motoni. Ananusa. “Mgunga.” Tunatia kingine. “Mpera huo. Nani kanivunjia mpera wangu?” Siku moja binamu yangu alileta kipande cha ubao kutoka ufukweni. Bibi akanusa, akacheka mpaka akakohoa. “Huo ni mtumbwi wa jirani. Mrudishieni kabla hajaenda kuvua!” Sikumbuki akikosea hata mara moja.

Huyo binamu alinizidi miaka miwili na mdomo. Kwetu Mirongo, Mwanza mjini, tunapikia gesi, basi likizo nzima jina langu lilikuwa moja. “Mtoto wa gesi, moto hauwaki kwa kubonyeza! Mtoto wa gesi, puliza, usiukodolee macho kama tivii!” Kupuliza moto wa asubuhi ilikuwa kazi yake. Nikapanga alie kidogo.

Uzio wa bibi ulikuwa wa minyaa, kama wa kaya nyingi za kule. Mtoto wa Usukuma huambiwa kabla hajajua kutembea vizuri: mnyaa hauchezewi, maziwa yake yanapofusha. Nami niliambiwa, tena zaidi ya mara moja. Umjini wangu si kisingizio. Nilivunja vijiti vitatu vibichi, nikavichomeka chini ya kuni, nikajificha nyuma ya kihenge cha nafaka nikijiziba mdomo nisicheke.

Aliyekuja kupuliza akawa bibi. Binamu alikuwa ametumwa kufungulia mbuzi.

Muda wa kupiga kelele ulikuwepo. Bibi aliinama polepole, mkono mmoja kiunoni, kama alivyoinama siku zote. Neno moja tu lingetosha. Nilinyamaza kwa kuogopa fimbo. Vijiti vikatoa povu, kimoja kikapasuka, na bibi akashika jicho lake la kulia kwa mikono miwili. Hakupiga yowe. Aliita maji tu. Jirani aliyekuwa ananyonyesha akaja mbio, akamkamulia maziwa yake jichoni, maana ndiyo dawa waliyoijua. Hospitali nao wakajitahidi. Baada ya wiki chache jicho likawa jeupe kama punje ya mahindi.

Watu walipouliza, macho yote yalimwendea binamu. Bibi akamwokoa. “Niliokota mwenyewe pale uzioni. Uzee huu.” Nami nilisimama palepale na ndoo ya maji mkononi, nikamshukuru Mungu kwa uzee wa bibi yangu.

Mchezo wa kitenge uliishia hapo. Hakuna aliyetaka tena kumfunga bibi macho. Mimi nikajifanya mchekeshaji. Kila likizo nilivuka na vituko vipya vya shuleni, mwalimu wa hesabu na suruali yake, mlinzi anayekoroma amesimama. Bibi alicheka. Akishacheka hunigeuzia lile jicho zima na kungoja kidogo. Kisha husema, “Haya, tia kuni.”

Siku ya maziko nilizunguka uani nikitafuta hata kipande kimoja cha mgunga niwape wale wapishi. Sikupata. Migunga ya bondeni imeishia kwenye magunia ya mkaa, na pale palipokuwa na minyaa pamezungushwa senyenge.

Kwenye kivuko, tukirudi, nguo zetu zikinuka mkaratusi, nilimwambia mama yote: vijiti, kihenge, kicheko nilichokiziba. Sikuweka utani hata mmoja. Nilitaka anizabe kibao mbele ya abiria wote, yaishe. Hakunigusa. Alitazama maji mpaka mawe ya Mwanza yakawa karibu kabisa, ndipo akasema:

“Kila ulipomaliza likizo alinipigia simu. Aliuliza neno moja tu: ‘Kasema?’ Nami namjibu, bado, mama.”