Tajiri wa Kwanza Alichukua Redio

Jana teksi tuliyoiita kwa simu ilinipigia kelele, ti-ti-ti, mpaka nikafunga mkanda. Basi wewe, kelele ile ndogo ikanirudisha Bertrams, mtaa wetu wa zamani, kwenye gari la baba.

Lilikuwa la kizamani, rangi ya kijani, kiti cha mbele kirefu kama benchi la kanisa. Wiki nzima baba alishona suti za watu; Jumapili tunakwenda kusali Randburg, mbali na mtaani, baba kwenye usukani, mimi katikati, mama dirishani na mandazi ya moto mapajani. Redio iliimba kweli kweli. Mkanda hata mmoja hakuna. Robot, yaani taa ya barabarani, ikiwa nyekundu, baba akikanyaga breki, mkono wa mama unanikinga kifuani. "Mkanda wako ndio huu," alisema. Ulinukia iliki. Nami naota siku nitakayoliendesha mwenyewe hadi kwa bibi Lubumbashi, naye anapiga vigelegele.

Mwaka 2015 hivi mama akajifungua mdogo wangu, na sheria mpya ikataka mtoto mchanga akae kwenye kiti chake, kiti kishikwe na mkanda. Baba akamwita jirani yetu, fundi wa Tanga, aitie gari mikanda.

Jirani akainua zulia, akacheka. "Papaa, matundu ya mikanda kiwandani waliyaacha, haya hapa! Zamani mkanda ulikuwa nyongeza, kama redio. Ukitaka unalipia. Tajiri wa kwanza wa gari hili, aliyelinunua likiwa jipya, alichukua redio."

"Alipenda muziki, ndugu yangu. Wewe funga tu."

"Nifunge wapi? Maji yamepita humo humo kwenye matundu miaka yote. Bati limekuwa biskuti."

Akasukuma kidole, kikatokea upande wa pili.

Baba akakaa ndani, akasikiliza wimbo mpaka ukaisha. "Eish," akasema, akazima redio.

Wanunua vyuma chakavu walipolivuta, nilikuwa getini natafuna andazi. Sikulia. Mpaka leo nayatafuta yale machozi, siyapati.

Jana mimi na mama tulikaa nyuma, mdogo wangu katikati, sote tumefungwa, salama, sibishi. Kwenye robot dereva akakanyaga breki. Mkono wa mama ukanyanyuka, ukafika kifuani kwa mdogo wangu, ukakuta mkanda.

"Mama, unatafuta nini?" mdogo wangu akauliza.

"Hakuna," akasema, akaurudisha mapajani.