Kilichosimama Nyuma ya Kinu

Katika kijiji cha Merzelrode, kwenye vilima vya Hesse, watu waliijua mikono ya Gerlinde Hohmeyer kuliko walivyomjua mwenyewe. Mikono hiyo ndiyo iliyowakamua ng'ombe wa baba yake mpaka yule wa mwisho alipouzwa. Ndiyo iliyomgeuza mama yake kitandani katika ugonjwa wake mrefu. Na karibu kila harusi na kila msiba wa kijiji watu walikula keki iliyotoka mikononi humo. Hakuolewa. Watu walilisema hilo kwa sauti ya kumhurumia, naye aliwaacha waendelee kumhurumia, kwa kuwa aliwakumbuka vizuri wanaume aliowakatalia na hakumjutia hata mmoja.

Hakuwa mnyonge. Hilo na lisemwe mapema, maana wanawake wa namna yake husimuliwa kana kwamba maisha yaliwaangukia kutoka juu kama theluji. Gerlinde alikuwa na cheti cha upishi, aliongoza umoja wa wanawake wa kijiji, na katika kwaya ya kanisa alishika sauti ya pili kwa nguvu iliyowafanya wa sauti ya kwanza wamtazame kwa jicho la pembeni. Kiangazi cha mwaka huo, mwenye hoteli moja kando ya ziwa la Eder alionja keki yake ya malai kwenye sherehe ya zimamoto, akarudi kuchukua kipande cha pili, kisha akamwomba awe mkuu wa jiko lake. Kazi ingeanza Novemba, pamoja na chumba chenye dirisha linalotazama maji. Alitaka jibu.

Gerlinde alimweleza baba yake. Mzee Justus, ambaye miguu ilikuwa imeanza kumgomea lakini si ulimi, alikoroga kahawa yake na kusema, "Tutaona." Katika nyumba ile, neno hilo lilimaanisha kwamba hakuna kitakachoonekana.

Kisha, Jumamosi moja ya Oktoba, akaja Volkmar. Huyo ni mdogo wake Gerlinde, aliyehamia mji wa Fulda, mkarimu, mcheshi, aliyeachana na mkewe na kubaki na gari zuri. Alikaa mezani, akakata mkate, akaupaka soseji ya ini kwa unene wa kidole.

"Basi Jumatatu tunaenda kwa wakili," alisema. "Baba ananiandikia nyumba na mashamba. Mashamba nitayakodisha kwa jirani, nyumba nitakuwa naijia wikendi. Baba anabaki chumbani kwake, raha mustarehe."

"Na nani atampikia?" Gerlinde aliuliza.

Volkmar alicheka, wala hakucheka kwa ubaya. "Dada, nawe! Si upo?"

"Nipo wapi?"

"Hapa. Wewe upo siku zote."

"Nimeitiwa kazi Eder. Baba anajua."

"Gerlinde ni wa nyumba hii," mzee akasema, huku akitafuta yai lake kwa kijiko. "Hilo halina haja ya kusemwa."

Na kweli halikuwa na haja ya kusemwa. Ndivyo mambo yalivyokuwa yakienda katika nchi ile tangu enzi za mababu. Shamba halikatwi vipande. Huenda zima zima kwa mtoto mmoja, naye mtoto huyo hujifunga mbele ya wakili kuwatunza wazazi mpaka kaburini: chumba chenye moto, chakula mezani, nguo safi, uuguzi. Mawakili huandika kila kitu, hata kuni na njia ya kupita kwenda bustanini. Kitu kimoja tu hawakiandiki, nacho ni mikono itakayoifanya kazi hiyo. Hawaandiki kwa sababu hawajawahi kuhitaji kuuliza: katika kila nyumba huwa kuna binti, au mke wa mwana, amesimama mahali fulani nyuma akiwa na ufagio.

Gerlinde hakubishana. Siku hiyo ilikuwa siku ya tanuri, na unga uliochachuka hausubiri ugomvi wa watu. Aliubeba ubao wa madonge begani akateremka kwenye nyumba ya tanuri, kibanda cha mawe karibu na kanisa ambamo kijiji kizima huoka mikate yake kwa pamoja. Zamu hupigiwa kura. Kila nyumba huchota kibao mfukoni, na anayeangukiwa na zamu ya mwisho hana budi kuwasimulia wenzake hadithi wakati kuni zinaungua, kama malipo ya kusubiri. Gerlinde alichota cha mwisho.

"Leo tutakesha!" akapiga kelele Ortrud, jirani yake, mwanamke mnene mwenye sauti ya kuita ng'ombe wa ng'ambo. "Haya, Gerlinde, tupe ile ya msagaji na Ibilisi. Lakini ufupishe, keki yangu ya maplamu inakuja."

Mzee Justus naye alikuwa amefika, ameshikwa mkono na Volkmar, akakaa kwenye benchi la ukutani. Siku ya tanuri hakuna mzee anayekubali kuukosa mkate wa moto.

Hadithi ile wote waliijua. Msagaji aliyefilisika anakutana msituni na mgeni anayemwambia: nitakutajirisha, ukinipa kilichosimama nyuma ya kinu chako cha kusagia nafaka. Msagaji anajisemea, huko nyuma pana nini zaidi ya mtofaa? Anakubali. Anarudi nyumbani, anakuta makasha yamejaa dhahabu, na mkewe amekwisha kuwa mweupe usoni: aliyekuwa nyuma ya kinu, akifagia uwanja, alikuwa binti yao.

"Maskini msagaji," akasema Ortrud, kama anavyosema mtu kila mara inapofika hapo.

"Maskini kwa lipi?" Gerlinde aliuliza.

"Si alidanganywa!"

"Aliulizwa kitu kilichomo uani mwake mwenyewe, Ortrud. Angegeuza shingo tu, angemwona. Ibilisi aliyekuwa msituni alijua binti yuko wapi saa ile. Baba yake hakujua."

Wanawake wakacheka. Gerlinde akatupa ukuni mwingine ndani akaendelea. Ibilisi anakuja kuchukua chake, lakini msichana amenawa akatakata, na Ibilisi hamgusi aliye safi. Anaamuru maji yafichwe. Msichana anaililia mikono yake, machozi yanaitakasa. Ndipo Ibilisi anamgeukia baba: mkate binti mikono, la sivyo nakuchukua wewe. Naye baba anamwendea binti yake, anamweleza jinsi alivyo na hofu, anamwomba msamaha mapema, na anakata.

"Sikilizeni hapo," Gerlinde alisema, na sauti yake ikawa ile ya kwaya. "Miaka yote tunapita hapo mbio ili tufike kwa mfalme atakayemuoa. Baba anaomba msamaha kabla ya kukata. Maana yake alijua. Kati ya mikono ya mtoto na ngozi yake mwenyewe alichagua ngozi yake, kisha akataka mtoto amwambie si neno."

"Aliogopa, jamani," Ortrud akasema, safari hii kwa sauti ndogo.

"Msichana naye aliogopa. Tofauti ni kwamba hofu ya mmoja ililipwa kwa mikono ya mwingine."

Volkmar alikuwa ameacha kuchezea funguo za gari. "Dada, hiyo ni hadithi ya watoto."

"Ndiyo. Tunawafundisha watoto. Tuone tunawafundisha nini." Alifuta mikono kwenye aproni. "Ibilisi anashindwa, anaondoka. Dhahabu inabaki. Baba sasa ni tajiri, moyo wake ni mwepesi, na anamwambia binti: mwanangu, kwa ajili yako nimepata mali nyingi hivi, kaa hapa, nitakutunza kwa anasa maisha yako yote. Je, binti alijibu nini?"

Kuni zilipasuka ndani ya tanuri.

"Mnaona? Fedha mnaikumbuka, ile mikono ya fedha aliyotengenezewa na mfalme. Mikono ya fedha! Inang'aa, lakini haiwezi kukamua wala kumfunga mtoto nepi. Jibu lake hamlikumbuki. Alijibu kwamba hawezi kukaa pale, anakwenda zake. Akaomba afungwe mikono iliyokatwa mgongoni, na jua lilipochomoza akaenda. Hapakuwa na mfalme bado wala malaika. Mfalme angetoka wapi, kama msichana angekaa? Mikono yake iliota tena baadaye, mbali. Wanasema ni kwa rehema za Mungu, nami siwapingi. Nasema tu kwamba katika nyumba ya msagaji isingeota kamwe. Pale ingekuwa na kazi gani? Kila mtu alikuwa ameshapata alichokitaka."

Ortrud akaguna, "Na harusi je?"

"Leo haimo."

Mzee Justus aliinua uso. Alikuwa mtu mkaidi, si mjinga. "Mimi sijamkata mtu mikono," alisema.

"Hapana, Baba. Wewe umeigawa tu, ingali bado mwilini mwangu." Hakupandisha sauti, wala hakuishusha kwa ajili ya waliokuwapo. "Jumatatu umpe Volkmar nyumba. Mpe na mashamba. Sidai jiwe. Lakini usimpe mimi. Mimi naenda Eder."

"Mbele za watu, Gerlinde?" Volkmar alinong'ona.

"Wewe ulinigawa mezani, mdogo wangu, mdomo umejaa soseji. Hapa angalau kuna mashahidi."

Ortrud akachukua ufagio wa majani mabichi na kuanza kufagia makaa kutoka ndani ya tanuri, ingawa haikuwa zamu yake.

Jumapili ilipita kwa sauti za vijiko tu. Jumatatu wote watatu walikwenda mjini, na wakili, kijana mwenye haraka, akasoma masharti kwa mwendo wa mtu anayesali rozari. Alipofika kwenye uuguzi, mzee Justus akainua fimbo.

"Hapo. Nani ataniuguza?"

"Mrithi, Bwana Hohmeyer. Ndivyo huandikwa."

"Taja jina."

"Baba," Volkmar akasema, "mimi nakaa Fulda, si unajua."

"Najua. Hata Jumamosi nilikuwa najua." Mzee alimtazama binti yake kwa muda, akaonekana kama mtu anayepima umbali kwa macho yasiyoona vizuri. "Andika Volkmar. Na andika kwamba ataniuguza mwenyewe, au mtu atakayetafutwa na kulipwa naye, na kwamba mtu huyo asiwe dada yake. Kama hataki, nyumba nitauza kwa jirani, nami nitaenda kulala kwa masista wanaotunza wazee."

Volkmar alichukua muda mrefu kuitafuta kalamu iliyokuwa mbele yake. Mwishowe alitia sahihi.

Asubuhi ya kuondoka kwa Gerlinde, ukungu ulikuwa umelala bondeni na gari la Ortrud lilikuwa likinguruma nje. Gerlinde alipita chumbani kwa baba yake kumuaga. Alimkuta Volkmar amepiga magoti sakafuni, akipigana na zile soksi ndefu za kubana ambazo daktari alimwamuru mzee avae kabla hajashuka kitandani. Kisigino cha soksi kilikuwa kimekaa juu ya kidole gumba.

"Unanivalisha mguu au unanikaba?" mzee alifoka.

"Tulia basi, Baba! Dada, hii inaingiaje? Njoo mara moja tu."

Gerlinde alisimama mlangoni, koti limefungwa mpaka kidevuni, mikono mifukoni. Aliijua soksi ile. Ilikuwa na namna yake. Alimsubiri mdogo wake aivue, aigeuze, aanze upya kutoka vidoleni.

"Hivyo hivyo," alisema. "Usiivute. Utajifunza."

Akambusu baba yake kwenye paji la uso, akashuka ngazi.