Harufu ya Mafuta ya Difu

Mafuta ya difu, lile bonge la gia katikati ya ekseli ya nyuma ya gari, yananuka. Asiyewahi kuyashika atadhani ni mafuta tu kama mengine, lakini yakishapata moto yana uvundo wa yai viza, na yakikuingia kwenye kucha hayatoki. Miaka ile hata sabuni ilikuwa ya kupangiwa foleni. Nilikuwa nikikaa kula, mkono ukikaribia mdomo nachefukwa, nasukuma sahani. Wiki tatu nzima nilinuka hivyo, kwa kuingia uvunguni kila jioni kulikagua gari, na wiki tatu nzima nilikuwa namlaani mtu mmoja.

Mtu huyo alikuwa fundi wangu, mzee wa Kidigo mwenye gereji ya makuti Ngamiani, Tanga mjini. Ekseli ya nyuma ya pikapu yangu ilikatika. Mimi nilikuwa nakaa Muheza, na gari lile ndilo nililobebea ndizi na iliki kutoka Amani. Vipuri ndiyo kwanza vilikuwa vimeanza kuonekana tena, vikipitia mpakani Horohoro kutoka Mombasa, na Mpemba mmoja mwenye duka jirani na gereji akanipatia ekseli na sili mbili mpya, zile pete za mpira zinazozuia mafuta ya difu yasimwagikie breki. Fundi akafunga kila kitu, akajaza mafuta niliyoyahangaikia mwezi mzima, nikimbembeleza dereva wa trekta wa shamba la mkonge. Nikaondoka nimefurahi.

Jioni ile nilipofika nyumbani niliinama kulikagua gari. Juu ya mgongo wa difu nikaona kibomba kidogo, tundu wazi, na pembeni yake unyevu wa mafuta. Mafuta yangu! Nikasema kimoyomoyo, zee hili limesahau hata kuziba tundu. Nikakata kipembe cha kisigino cha kandambili yangu, nikakichonga kwa kisu, nikakisokomeza mle mpaka kikakaza. Nikajiona mjanja kweli kweli.

Safari ya kwanza ya Amani ndipo balaa lilipoanza. Kushuka kule ni kona juu ya kona, upande huu mlima, upande ule unatazama vilele vya miti. Nilikanyaga breki, pedali ngumu vizuri, lakini gari likaendelea kwenda zake. Nikateremka kwa gia ya kwanza, nalikwaruzisha gari kwenye kingo za udongo, nasoma kila dua niliyofundishwa chuoni.

Lingekuwa jambo la mimi na ndizi zangu, ningevumilia. Lakini mdogo wangu wa kike alikuwa ameolewa huko juu Amani, naye alikuwa mjamzito. Mtoto wake wa kwanza alimfia njiani, yeye mwenyewe akiteremshwa Muheza kwenye machela ya magunia. Safari hii nilimwahidi mbele ya mumewe kwamba mwezi ukitimia nitampeleka hospitali mimi, kwa gari, kabla ya uchungu. Gari jingine la kutegemea halikuwapo.

Nikarudi kwa fundi nimefura. Akatoa upepo kwenye breki, akakaza, tukajaribu barabarani mbele ya gereji. Zikashika.

"Mwanangu, hazina neno," akasema.

Nikapanda Amani, nikashuka. Hazikushika.

Mara ya pili akafungua dramu zote mbili za magurudumu ya nyuma. Uvundo ukatupiga usoni. Breki shuu, zile tao zinazobana dramu, zilikuwa zimelowa, nyeusi, zinang'aa kama samaki aliyeoza. Fundi akachukua mafuta kwa vidole, akayasugua, akayanusa.

"Haya si ya breki. Ya difu haya. Sili zinapitisha."

"Sili mpya zinapitishaje? Au umetia za zamani, zangu ukaziuza?"

Nilisema hivyo mbele ya wateja wake, mbele ya Mpemba aliyekuja kwa kusikia kelele. Mpemba akaapa kwamba zilikuwa mpya, na nikamwambia kiapo chake hakizuii mafuta. Fundi akainama kwenye magurudumu. Aliziosha breki shuu kwa petroli, akazipiga msasa, akazianika, akatia sili nyingine. Siku hiyo niliondoka bila kuaga. Na kuanzia siku hiyo nikaacha kumpa shikamoo. Mtu wa umri wa baba yangu, naingia kwenye banda lake kama naingia chooni, nasema, "Gari hilo hapo."

Zikashika tena mjini, zikafa tena mlimani. Dada sasa alikuwa anahesabu siku. Nilipompelekea chumvi aliniuliza kama gari limepona. Nikamjibu kwamba limeangukia mikononi mwa mchafu, lakini nitamkomesha.

Mara ya tatu nilimkuta fundi amekaa kwenye tairi. Nikaanza pale pale: "Watu walinionya. Kikulacho ki nguoni mwako. Nimekuamini wewe, na wewe ndiye utakayemuua dada yangu."

Alinyanyuka polepole. "Mjini zashika," akasema, kama anazungumza na gari. "Mlimani zafa. Huko mlimani kuna nini?" Akaniuliza kama nimetoka Amani moja kwa moja. Nikamwambia ndiyo. Akaingia uvunguni, akagusa difu, akauvuta mkono haraka.

"Lina moto. Likipata moto litataka kupumua."

Nilisikia kidole chake kikifuta matope juu kule. Kisha mlio wa koleo. Kisha upepo ukatoka, fyuuu, na harufu ile ya yai viza ikatufikia sote tuliosimama pale.

Akatoka na kitu kwenye kiganja. Kipande cha mpira wa buluu.

"Hiki nani kakitia?" akauliza. "Hapa ndipo difu lapumulia. Ukiliziba, joto lasukuma mafuta, yapita kwenye sili, yaingia kwenye breki. Hata ungeleta sili za dhahabu."

"Sijui," nikasema.

Akakitazama kile kipande. Kisha akatazama chini, kwenye mguu wangu wa kulia, ambako kisigino cha kandambili ya buluu kilikuwa kimekatwa kipembe. Mpemba naye akatazama. Nilitaka kuuficha mguu nyuma ya ule mwingine, nikaona haya hata kufanya hivyo.

Fundi akakitia kile kipande mfukoni mwa ovaroli yake. "Dada yako ateremka lini?" akauliza.

"Kesho kutwa."

"Basi leta petroli nizioshe."

Dada aliteremka salama, breki zikishika kila kona, akajifungua mtoto wa kike Muheza. Alipopata nguvu alinipa kapu la machungwa nimpelekee fundi, kwa kuwa, alisema, kumbe si mchafu kama nilivyomsema. Sikumwambia kitu. Mpaka leo sijamwambia.

Nikaingia kwenye lile banda na kapu langu. "Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu," akaitikia, vile vile alivyoitikia siku zote, kama vile sikuwahi kuiruka hata siku moja. Akanipa mkono wake mweusi wa mafuta, nikaushika. Nilipofika nyumbani nikausogeza mkono puani, na safari hii uvundo ule nilijua ni wangu.